Mawifi Wawili wa Kila Dereva

Wajukuu zangu, babu na mjukuu ni watani, na hilo hata mwenyekiti wa mtaa hawezi kulifuta. Kwa hiyo nikiwacheka humu ndani msinune. Na atakayenuna, basi anune huku anatazama kioo cha kati cha gari lake; angalau siku hiyo kitakuwa kimefanya kazi.

Kilichonishikisha kalamu ni Saumu. Saumu ni mtoto wa binti yangu mkubwa, ameajiriwa hapa mjini, na majuzi kanunua gari lake la kwanza. Jumapili alilileta hapa Ipagala nilione. Nikalizunguka, nikalisifu, nikaligonga tairi kwa kiatu kama wafanyavyo wazee wasio na la kusema. Wakati wa kuondoka akashika barabara, akaenda hatua chache, akahamia kushoto kukwepa shimo. Mwenye bodaboda aliyekuwa ubavuni kwake akapiga yowe, akaingia kwenye maua ya jirani. Hakuumia. Maua ndiyo yaliyoumia.

Saumu akashuka mbio, mlango kauacha wazi. "Babu, naapa nimeangalia kioo. Hakuwepo! Hakuwepo kabisa!"

Nikakaa chini juu ya tofali nikacheka, mpaka akanikasirikia. Simcheki yeye. Nalicheka hilo neno. Hakuwepo! Katika miaka yangu yote ya usukani, na baadaye ya kufundisha watu usukani, neno hilo nimelisikia kwa padri, kwa mwalimu, kwa muuza mbao, na mara ya kwanza kabisa nililisikia likitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa Busi, kule Kondoa, darasa la saba na ndoto gunia zima. Nikilala, mikono inazunguka usukani juu ya mkeka. Nilipopata leseni, nikapata na kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, nikakabidhiwa mkubwa wa kumwendesha. Tumwite Bwana Mbonea. Mtu mwema, mpole, shati limenyooka, lakini mvivu wa kusema. Kiti chake kilikuwa cha nyuma upande wa kushoto, na maneno yake yalikuwa kwenye nyusi. Akiinua nyusi moja, simama. Akiinua mbili, twende. Akivua miwani, punguza mwendo, mkubwa anataka kusinzia.

Sasa dereva atazionaje nyusi za mtu aliye nyuma yake? Kwa kioo cha kati, wajukuu! Tulikigeuza kikamwangalia mkubwa. Hakuna aliyetufundisha, ilikuwa desturi tu, kama kuvua kofia ndani ya nyumba. Dereva mzuri wa ofisi alikuwa yule anayemsoma mkubwa wake kama gazeti. Barabara ya nyuma tulimwachia Mungu.

Na saiti mira, yaani vile vioo vya pembeni? Hapo sina pa kujificha. Nilikuwa nalipenda gari lile kuliko nafsi yangu. Kila alfajiri nalisugua kwa nta, mlango unang'aa kama bakuli la harusi. Basi vioo vya pembeni nilivigeuza ndani, kulia na kushoto, ili nikiwa naendesha niuone mlango wangu unavyong'aa. Nusu ya kioo mlango, nusu nyingine vumbi. Nilijiona nimefika.

Siku ya siku tunatoka Bahi. Bwana Mbonea kaona kina mama kando ya barabara wana mabeseni ya zabibu. Nyusi moja ikapanda. Na mimi, hodari wa kusoma gazeti, nikakata kushoto palepale.

Pwaa!

Nikaruka nje. Mtaroni kuna baiskeli, madumu mawili yaliyofunguka, na mzee mmoja wa Kigogo amekaa katikati ya maziwa, ndevu nyeupe na shuka lake la lubega jeupe pia. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mzee, hukuwepo! Nimeangalia, hukuwepo!"

Akanitazama taratibu, akajipangusa jicho. "Ahaa. Sasa mwanangu, kama mimi sikuwepo, huyu aliyeloa maziwa ni nani?"

Kina mama wa zabibu walicheka mpaka beseni moja likamwagika. Mzee huyo aliitwa Ndahani. Alikuwa amechubuka goti tu, lakini mimi nikaanza kulia, wajukuu, nalia kama niliyemuua, na yeye ndiye akawa ananibembeleza: "Basi, basi, ng'ombe watatoa mengine." Bwana Mbonea alimlipa, tukaondoka. Njia nzima nyusi hazikupanda wala kushuka.

Shida ni kwamba ajali ile ilinikuta wakati mbaya. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa, na maofisini kukawa na neno jipya: kupunguzwa. Kila idara inapunguza watu. Ofisini kwetu tulikuwa madereva wawili, mimi na Elia, na ikatangazwa atabaki mmoja. Bwana Mbonea akatuita, na siku hiyo alisema kwa mdomo: "Wiki ijayo nitapanda na Elia asubuhi, Rajabu mchana. Nitakayeridhika naye ndiye atakayebaki."

Elia alikuwa hajamwagia mtu yeyote maziwa. Mimi nilijiona tayari niko kwenye basi la Kondoa na mkeka wangu, mama ananiuliza mbona umerudi.

Hapa ndipo anapoingia Bi Mwanaidi.

Nilikuwa nimepanga chumba uani kwake. Ni wale watu wa mji wenyewe. Babu zao walikuja na misafara ya biashara zamani hizo, wakapumzika Dodoma kidogo, wakasahau kuondoka. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi, na biashara zilipofunguliwa alinunua pikapu kuukuu akaanza kufuata mpunga Bahi, anaendesha mwenyewe. Wanaume wa mji walikuwa wakisimama kumtazama. Yeye huwapigia honi: "Funga mdomo baba, vumbi litaingia!"

Akanikuta nimekaa kizingitini, shavu mkononi.

"We Rajabu, umefiwa?"

"Bado, Bi Mwanaidi. Wiki ijayo."

Nikamweleza yote. Hakunipa pole hata moja. Akaniambia ingia kwenye pikapu, kaa kwenye usukani, weka vioo unavyovipenda wewe. Nikaviweka: cha kati kikatazama kiti cha nyuma, ingawa pikapu haina kiti cha nyuma, vya pembeni vikatazama milango. Yeye akavua kanga yake nyekundu ya begani, akaishika juu kama bendera, akaanza kulizunguka gari polepole.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama." Alikuwa mbele.

"Sasa?"

"Nakuona." Dirishani.

Akasogea nyuma kidogo. "Na sasa?"

Nikatazama kioo, mlango. Nikatazama cha kati, bodi la pikapu na anga. Mama mzima, mnene vile, na kanga nyekundu, hayupo duniani.

"Bi Mwanaidi, umekwenda wapi?"

"Sijaenda popote! Nikinyoosha mkono nakuchapa kofi." Na kweli akaninyooshea mkono hadi ukagusa kioo. "Hapa, mwanangu, panaitwa kwa wifi. Mwanamke akiolewa, wifi yake husimama mahali kama hapa: yeye anaona kila unachopika, wewe humwoni. Na kila dereva ana mawifi wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mzee wako wa maziwa alikuwa wapi?"

"Kwa wifi wa kushoto."

"Ewaa. Haya, kwenye kioo unaona nini?"

"Mlango."

"Unaulinda? Unaogopa mlango utatoroka?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Akanifundisha, na ninawafundisha nanyi, chukueni bure. Kaa kama unavyokaa siku zote, usijinyooshe kama uko studio ya picha. Kioo cha kati kibebe kioo chote cha nyuma, pembe hadi pembe. Humo usitafute mkubwa, mtoto wala midomo yako, Saumu nakuona. Kisha egemeza kichwa kulia mpaka sikio likaribie dirisha, na ukiwa hivyohivyo sukuma saiti mira ya kulia nje mpaka ubavu wa gari ubaki uzi tu pembeni ya kioo. Halafu lalia kushoto, kichwa kiwe katikati ya gari, juu ya gia, uifanyie ya kushoto vilevile. Sasa kaa sawa.

Nilipokaa sawa nikashtuka. "Bi Mwanaidi, gari limepotea!"

"Halijapotea. Umelikalia."

Wanafunzi wangu wote, bila kubakiza, hushtuka hapo. Mtu amezoea kuuona mlango wake, ukimwondolea anajiona yuko uchi. Lakini mlango unaujua ulipo. Kioo ni cha kutazama wageni. Akaanza tena kulizunguka gari na kanga yake, na safari hii nikamwona kwenye kioo cha kati, akaanza kutoka humo huku anaingia cha pembeni, akaanza kutoka cha pembeni huku namwona kwa pembe ya jicho. Kama nyumba yenye adabu: baba anampokea mgeni mlangoni, mama anampeleka sebuleni, hakuna anapoachwa amesimama uani peke yake.

"Na bado ugeuze shingo," akasema. "Kioo kinaweza kusema uongo. Shingo haijui."

Nikaomba ruhusa ofisini, wiki nzima nikaenda naye Bahi na kurudi, usukani mkononi mwangu. Barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo. Ukifika nusu ya safari, vioo vimeinamisha vichwa kama waliofiwa. Bi Mwanaidi alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaviviringishia shingoni visilegee. Kila tukisimama anaviangalia. Kuna siku kioo cha kushoto kilivunjika, fundi mmoja akatuwekea kipande cha kioo cha kabati. Gari likitetemeka unaona baiskeli tatu. Nikawa nazipisha zote tatu. Bi Mwanaidi akacheka mpaka akajishika mbavu: "Afadhali upishe hewa, mwanangu, kuliko kumkanyaga mtu."

Tukibeba mpunga, magunia yanaziba nyuma, kioo cha kati kinakuwa pambo. Hapo ni vioo vya pembeni na shingo tu. Ndiyo maana nikiona kijana kajaza mizigo hadi dari halafu anatazama cha kati, nataka kumuuliza: unaongea na magunia?

Jioni ya kuamkia mtihani nikaona vibaya kumficha Elia. Alikuwa mwenzangu, na mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Nikamfuata, nikamweleza habari ya mawifi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanigonga bega.

"Kaka, asante. Lakini mimi simtazami wifi. Namtazama anayenipa ugali."

Kesho yake asubuhi akaenda, akarudi anapiga mluzi.

Mchana zamu yangu. Kabla Bwana Mbonea hajatoka ofisini nikaviweka vioo: cha kati, kulia, kushoto. Akapanda. "Njia ya Bahi," akasema, akaegemea kiti.

Wajukuu, sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Nilimwona kila mtu. Nyuma nikaona lori, likaja, likapita kutoka kioo hadi kioo hadi jichoni, hakuna alipopotea. Nikawa najisemea, Rajabu, leo umezaliwa. Mtu mmoja tu sikumwona: Bwana Mbonea. Baadaye nilijua kuwa aliinua nyusi moja. Akainua mbili. Akavua miwani, akaivaa, akaivua. Mwisho akakohoa, nami nikadhani ni vumbi, nikapandisha dirisha.

"Simama hapa!" Hiyo ilikuwa sauti.

Nikawasha indiketa ya kushoto, nikaangalia kioo cha kushoto. Baiskeli. Madumu mawili. Ndevu. Wallahi, mzee Ndahani yuleyule, na vumbi letu limemfunika nusu!

Nikashikilia usukani, nikapunguza mwendo bila kukata.

"Rajabu, nimesema simama!"

"Kuna mtu, mzee."

"Wapi?"

"Kushoto nyuma, mzee. Baiskeli."

Bwana Mbonea alikuwa ameinama mbele, anatafuta macho yangu kwenye kioo kama alivyozoea, wala hayaoni. Mpaka anageuka dirishani, mzee Ndahani ameshakata kwenye kinjia kinachoingia shamba la uwele, na uwele ulikuwa mrefu umemmeza na ndevu zake. Nikasimama hatua nyingi mbele ya pale alipotaka. Yeye akafungua mlango, akaitazama barabara nyuma yetu. Tupu. Vumbi linatua.

"Hakuwepo mtu, Rajabu," akasema.

Sikubisha. Ningebishaje na mkubwa? Na neno lenyewe nililijua, lilikuwa langu.

Ofisini akaniita, akafunga mlango. Hakunitukana. "Elia amenitazama njia nzima. Wewe hukunitazama hata mara moja, na nilipokuamuru ukanitolea kisingizio. Nasikitika, kijana." Nikaweka ufunguo mezani. Nikapita uwanjani, nikaligusa gari lile mlango wake unaong'aa, nikaondoka.

Bi Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Akaniangalia mara moja tu.

"Umelia?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi la Dodoma lina huruma sana. Linawasitiri wanaume wote." Akasogeza ungo, akanipa nafasi nikae. Tukapepeta. Baada ya kitambo akatoa ufunguo wa pikapu uliofungwa kwenye pindo la kanga. "Macho yangu yameanza kuwa na mawifi wao. Kesho unaendesha wewe."

Ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya nusu ya ujana wangu. Nimebeba mpunga, nimebeba kambale miaka ya mvua, nimebeba maharusi na mbuzi wa mahari. Mzee Ndahani mwenyewe nimempakia na madumu yake mara nyingi, na kila akipanda huuliza, "Leo nipo?" Namjibu, "Leo upo, babu." Halafu magari ya mitumba yakaanza kuja kwa wingi, mengine yana vioo mbali mbele juu ya mashavu ya gari, watu wanavitazama kama pembe za swala, kila mtu akataka leseni, na shule ya udereva ya mtaani ikanichukua nifundishe. Bi Mwanaidi alipofariki, wanawe walinipa ile kanga nyekundu. Nikawa nafundishia hiyohiyo.

Siku moja tuko uwanja wa shule, naona mzee anakuja polepole, kofia mkononi. Shati limenyooka.

"Shikamoo mzee," nikasema, na moyo ukapiga kama wa kijana wa Busi.

"Marahaba, Rajabu." Bwana Mbonea alikuwa amestaafu. Gari la ofisi limebaki ofisini, na Elia kabaki nalo. Amenunua kigari kidogo, mkewe ana miguu mibovu, inabidi ampeleke kliniki. "Sijawahi kuendesha maishani. Wamesema nije kwako."

Nikamwambia karibu gari, mzee, panda. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

Nikangoja kidogo. "Mzee, usukani uko huku mbele."

Alicheka sana, mpaka akatoa leso. Akahamia mbele, akaushika usukani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Nikamwambia aweke vioo anavyoona sawa. Akakigeuza cha kati kikaangalia kiti cha nyuma kitupu, mahali pake pa miaka yote. Vya pembeni akavigeuzia milango.

Nikachukua kanga, nikaanza kuzunguka.

"Unaniona, mzee?"

"Nakuona."

"Sasa?"

"Nakuona."

Nikafika mahali pale upande wa kushoto, nikasimama, kanga juu.

"Na sasa?"

Akatazama kioo. Akatazama kingine. Kichwa kikaenda huku na huku.

"Rajabu, umekwenda wapi?"

"Nipo hapahapa, mzee."

Halafu mkono wake ukaenda polepole kwenye kile kioo cha kati, akakigeuza kutoka kwenye kile kiti kitupu mpaka kikashika dirisha la nyuma. Bila kunitazama akauliza:

"Yule mtu wa baiskeli. Siku ile. Alikuwepo?"

"Alikuwepo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akalalia kushoto, juu ya gia, kama nilivyomwelekeza, akasukuma kioo nje kidogo, na kidogo tena, kisha akakaa sawa, na macho yetu yakakutana humo.

"Haya," akasema, na nyusi zake zote mbili zikapanda. "Twende."

Saumu, kanga iko kwenye kamba inakauka. Njoo na gari.